Kwa Wifi Aliyeninyima Kura

Wifi yangu mpendwa Gaudensia,

Kesho wakitoka misa ya pili tunakaa kikao cha nyumba. Shemeji Damas ameshatuma ujumbe Mpitimbi kwa Baba Mdogo, mwanangu Neema amepewa ruhusa shuleni, na mimi nimeazima viti kwa jirani. Jambo ni moja tu: nyumba hii ya Majengo, niliyoijenga na kaka yako Kosmas, iuzwe au isiuzwe. Kuna mfanyabiashara anaitaka, anasema atajenga gesti. Nimechoka, wifi, na kabla sijakaa mbele ya watu nimeona nikuandikie wewe kwanza, maana kama si wewe kusingekuwa na nyumba ya kuitishia kikao.

Usicheke. Najua unacheka. Mpare kaamka na kesi yake asubuhi asubuhi, ndivyo ungesema.

Hilo la Mpare kupenda kesi ulinianza nalo siku ya kwanza nilipoletwa kwenu kutambulishwa. Nimekaa kwenye mkeka, nimefunika kichwa, naangalia vidole vyangu, wewe unasema kwa sauti ya mtu anayeuza nyanya, "Huyu ndiye mwalimu mwenyewe? Kaka, umetuletea mahakama ndani." Mama yako akakufinya. Nilikuwa nimepangiwa shule ya msingi hapa Songea nikitokea Same, sijui mtu, baridi ya mwezi wa sita imenipasua midomo, na nilidhani nikiolewa nitapata angalau wifi wa kunionyesha dagaa nyasa wazuri wanauzwa upande gani wa soko. Nikapata wewe.

Na tungeishia hapo, wifi na wifi wanaosalimiana kwa kubinua midomo, kama Damas asingeleta ule ubao wa ludo.

Ilikuwa ile miaka kila kitu kimekuwa ruksa. Damas ameacha kazi ya serikali, ananunua mahindi vijijini na kuyapeleka mjini kwa lori la kukodi, na kila akirudi ana kitu kipya mkononi: redio kaseti, viatu vya mtumba, sabuni yenye harufu ya maembe. Safari ile akarudi na ludo. Ubao mzuri, umefunikwa kioo, kete zote zipo, dadu ipo. Kilichokosekana ni karatasi ya maelezo. Tukakaa barazani Jumapili mchana, wanne, kila mtu rangi yake, na mchezo haukufika popote. Kosmas alijifunzia ludo seminari, Damas jeshini, mimi chuo cha ualimu, wewe kwa mafundi cherehani wenzako pale sokoni, na kila mmoja alikuja na sheria za kwao. Wewe ukasema sita ikitoka unatupa tena mpaka uchoke. Mimi nikasema sita tatu mfululizo zinakuunguza. Damas akasema kete mbili zikikaa pamoja ni ukuta, hapiti mtu. Tulibishana mpaka ugali ukapoa.

Kosmas, yule mtu wangu mpole, ndiye aliyesema, "Basi tupige kura."

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye mchezo wetu ambao sijawahi kuuona kwa watu wengine. Mshindi wa Jumapili anapendekeza sheria moja. Tunanyoosha mikono. Mikono mitatu kati ya minne, sheria imepita, na Jumapili inayofuata tunacheza kwa sheria hiyo. Haikuchukua muda dadu ikawa kitu kidogo kabisa. Watu walianza kufikiria kura tangu Jumatano.

Ukitaka kuwajua ndugu zako, wachezeshe ludo ya namna ile. Damas alikuwa mtu wa kubadilishana. "Shemeji, nipe mkono wako leo, nami kete yako siili mpaka ifike nyumbani." Kosmas alinyoosha mkono nusu, kiwiko hakijaondoka gotini, macho yanazunguka kuona wenzake wanaelekea wapi. Mimi nilieleza. Nilisimama, nikaeleza faida za sheria yangu kama niko mbele ya ubao na chaki mkononi, na Damas akapiga miayo. Na wewe hukusikiliza sheria hata moja. Ulinitazama mimi tu. Nikinyoosha, unakunja mikono ndani ya khanga. Nikikunja, wa kwako uko juu.

Nakumbuka Jumapili niliyoshinda nikataka kukupata kwa wema. Kete zako ndizo zilizokuwa zinaliwa kila mara zikiwa mlangoni kabisa mwa nyumbani, unazirudisha mwanzo huku unalalamika mpaka jirani anasikia. Nikapendekeza: kete iliyokaribia nyumbani ikiliwa, irudi nusu ya njia tu. Niliitunga kwa ajili yako, wifi, kipimo chako kabisa. Kosmas akanyoosha, mimi nikanyoosha. Damas akakataa, yeye ndiye aliyekuwa mlaji. Mkono uliobaki ni wako. Ukaniangalia, ukajikuna shingo, ukasema, "Mwalimu, kaa na huruma yako." Jumapili iliyofuata kete yako ikaliwa hatua moja kabla ya kuingia. Nilikasirika kuliko wewe.

Katika miaka yote ile sheria yangu moja tu ilipita: mkono ukipanda haushuki. Niliitunga kwa ajili ya Kosmas na kile kiwiko chake, maana alikuwa ananyoosha, anaangalia, anashusha. Damas akaniunga mkono kwa kuwa na yeye alichoka kuahidiwa kura na kunyang'anywa. Kosmas mwenyewe akanyoosha, anacheka. Wewe ulikataa, bila shaka.

Halafu ikaja ile siku. Damas ameshinda, anasafisha koo, anapendekeza kwamba mchezaji asipokuwepo, mkubwa wake ampigie kura. Nikaliona mara moja. Kosmas wakati huo ni karani wa chama cha ushirika, msimu wa tumbaku ukianza anaondoka wiki kwa wiki, kwa hiyo Damas angekuwa na mikono miwili. Na nilijua Kosmas hawezi kumkatalia kaka yake mbele ya watu. Mikono miwili tayari. Nikapiga hesabu zangu. Nikikataa, wewe utanyoosha kwa kunikomoa, sheria imepita. Kwa hiyo ninyooshe mimi kwanza, haraka, nawe ukunje, na nikishaona umekunja barabara, nishushe wa kwangu. Nikanyoosha. Ukakunja, tena ukafunga khanga. Nikashusha mkono taratibu, najisifu moyoni.

"Mke wangu," Kosmas akasema kwa upole wake wote, "mkono ukipanda haushuki."

Ulicheka mpaka ukateleza kwenye kigoda. Ulikaa chini sakafuni, miguu umenyoosha, machozi yanakutoka, unaniambia, "Mpare kafungwa na kesi yake mwenyewe! Wifi yangu, mlamu wangu mimi!" Na mimi nikasusa kupika chai. Leo natamani ningecheka.

Wakati sisi tunabadilisha sheria za ludo, wakubwa nao walikuwa wanabadilisha zao. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, malori yakaingia mpaka vijijini, chama cha ushirika kikawa hakina cha kununua wala cha kuuza, na Kosmas akawa miongoni mwa waliopunguzwa kazini. Alirudi mchana, akavua viatu, akaketi barazani palepale tulipozoea kuchezea. Hakulaumu mtu. Alisema tu, "Angalau kwenye ludo wananiuliza." Wewe ulikuwepo, umeleta togwa kwenye kidumu. Ulimmiminia, ukakaa naye pale barazani mpaka giza likaingia.

Vikaja vyama vingi. Mji mzima unabishana, watu wameacha kununuliana bia, na wewe unanifuata mpaka bombani. "Wifi, wewe utampa nani?" Nikakuambia kura ni siri. "Niambie bwana, nijue wa kumnyima." Wanawake wote bombani wakacheka. Nikakudanganya jina. Sijui kama ulinyima kweli.

Kosmas hakuugua muda mrefu. Homa ikapanda, ikashuka, ikapanda, na asubuhi moja nikawa mjane, Neema bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Sitaki kuziandika siku zile, uliziona. Nitaandika siku ya kuanua matanga, kwa sababu ndiyo inayonisumbua leo.

Wazee wameketi sebuleni, Baba Mdogo katikati. Mimi kwenye mkeka karibu na mlango. Nilijua kinachokuja. Mbele za nyumba zote za mtaa wetu zilikuwa zimeanza kutobolewa fremu za maduka, na Damas alikuwa ameshakuja na fundi kupima ukuta wetu. Kiwanja kilikuwa cha baba yenu, hilo ni kweli. Matofali yalikuwa yangu na Kosmas. Vikao vyenu havinyooshi mikono, watu wanaongea mpaka upande mmoja unyamaze, halafu mzee anafunga. Na mimi mwanamke wa kuja, mtoto mmoja tena wa kike, ningeongea na nani?

Damas akasema kwa heshima, sikumchukia kwa hilo. Akasema mwalimu ana haki ya kupata nyumba ya serikali, au arudi kwao Same akapumzike, mtoto atatunzwa, nyumba ibaki kwa ukoo. Kisha akasema, "Mdogo wangu hayupo. Mimi ndiye mkubwa wake, namsemea." Niliisikia sauti ya ludo mle ndani, na nilijua ni mkono wa nani ulioipitisha.

Watu wakakugeukia wewe. Shangazi wa mtoto hasemi la mwisho, ila asipokubali hakuna la mwisho. Nilitazama chini. Sikuwa na tumaini hata la kulamba, wifi, nakwambia ukweli. Nilikuwa tayari nahesabu vyombo vyangu kichwani.

Ukasimama. "Kaka Damas, Kosmas hajasafiri kununua tumbaku. Kafa. Aliyekufa anasemewa na mkewe na mtoto wake." Kisha ukamgeukia Baba Mdogo. "Baba, mnanijua. Huyu Mpare tangu aingie humu sijampa kura hata ya chumvi. Akisema jua limetoka, mimi nachukua mwavuli. Leo nasema nyumba ni yake na mtoto. Kama kuna mtu anadhani tumepanga, aseme."

Baba Mdogo akakuangalia wewe, akaniangalia mimi, akauliza, "Hawa wawili tangu lini wanakubaliana?" Watu wakacheka, kwenye matanga, hata mama yako mwenye huzuni yake. Yule mzee akafuta miwani. "Basi. Kama Gaudensia kaona hivyo, mimi nitaongeza nini? Nyumba ni ya mwalimu na mtoto. Haiuzwi mpaka wao wenyewe watake, na sisi tukae tusikie kwa masikio yetu."

Jioni ile nilikufuata nyuma ya nyumba unasugua masufuria ya matanga kwa majivu. Nikakuuliza, kumbe miaka yote ile ulikuwa unaniwekea hiyo kura?

"Nikuwekee nini?" ukasema. "Nilikuwa napenda kukuona unavyovimba."

Ukasugua kidogo. "Ila fikiria. Ningekuwa nakupa mkono kila Jumapili, leo wangesema umenilisha kitu."

Mpaka leo sijui lipi lilikuwa la kweli. Nimeshaligeuza sana. Kuna siku naona ulikuwa na akili ndefu kuliko wote waliowahi kukaa kwenye baraza ile, na kuna siku naona ulikuwa mchokozi tu, bahati ikanidondokea. Yote mawili nakushukuru.

Damas aliacha kuja kucheza. Tukabaki wawili, na ludo ya wawili haina kura: mimi napendekeza, wewe unakataa, wewe unapendekeza, mimi nakataa, sheria zikabaki zilezile alizotuachia Kosmas. Tulicheza hivyo hivyo. Neema alikua akisikia tunagombana, akaja akajua kwamba nyumba ikiwa kimya shangazi hayupo.

Halafu ukalazwa Peramiho. Nilikuwa nakuja Jumamosi na uji kwenye chupa, na hata kitandani hukuniachia. Nikisema umenenepa, unasema macho yangu mabovu. Nikisema leo umepauka, unasema ni taa ya wodini. Nikazoea kukusemea kinyume ili nikusikie ukipinga. Jumamosi ile ulikuwa umelala kwa ubavu, mkono mwepesi kama wa mtoto. Nikakuambia kwa makusudi, kwa sauti yangu ya kesi, "Wifi, safari hii huponi." Nikangoja. Nilitaka ufungue kinywa unitukane.

Ukanitazama. "Hiyo nakupa, wifi," ukasema.

Ni mwaka wa pili sasa.

Haya, nikueleze ya leo. Mama yangu Same hawezi tena kujichotea maji. Ndugu zangu wametawanyika. Niliomba uhamisho, na umekubaliwa. Paa linavuja upande wa chumba ulichokuwa unalala ukichelewa kurudi kwako, na kila nikipata fundi anaenda kwenye fremu wanakolipa vizuri zaidi. Kulia kwetu ni baa, kushoto wanauza kaseti, na zote mbili zinapiga muziki kwa wakati mmoja. Nasahihisha madaftari nimeziba masikio kwa pamba. Ninachoka kuanzia asubuhi, wifi. Naamka nimechoka.

Nikamwambia Neema, nikitegemea atalia. Ni nyumba ya baba yake, ndiyo pekee anayoijua. Akasema, "Sawa tu, mama, ukiona vyema." Nikamwita Damas. Lori aliacha zamani, mgongo unamsumbua, sasa ana duka dogo la vifaa vya baiskeli. Nilijiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na maneno tangu ile siku ya matanga, nimeyatunza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. "Shemeji, utakachosema ndicho. Umetuvumilia vya kutosha." Baba Mdogo naye kanitumia neno kupitia kwa mjukuu wake: hana kinyongo, anakuja kutubariki tu. Nikaenda hadi kwa jirani nilikoazima viti, nikamwambia nauza nyumba ya marehemu, hivi nina akili kweli? Akasema, "Mwalimu, mimi ningeuza zamani."

Wote wananikubalia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina wazimu gani. Nimezunguka juma zima natafuta mtu wa kunyanyua pua na kuniambia, "Mpare, nyumba niliyokupigania mbele ya wazee unaipeleka kwenye gesti?" Ningemjibu. Ninayo majibu. Ningesimama nikamweleza habari za mama yangu, za paa, za kelele, na katikati ya kueleza ningejisikia mwenyewe: ama sauti ingekaza nikajua nimeamua, ama ingekatika nikajua najidanganya. Ndivyo nilivyoishi na wewe. Kila nilichokitaka maishani mwangu tangu nije Songea nilikijua kwa sababu wewe ulikikataa, na mimi nikaendelea kukitaka.

Kesho nitasema iuzwe. Damas atasema ndiyo, Neema atasema ndiyo, Baba Mdogo atafunga kwa sala, na tutakunywa chai. Na sitajua, wifi, si kesho wala nikiwa Same, kama nilitaka kweli kuondoka au nilikuwa nimechoka tu.

Lala salama huko uliko. Nakukumbuka sana.

Wifi yako,
Mama Neema